Alinionyesha majibu ya kipimo, kisha akapotea: nipime nini, na lini?

Msomaji anauliza: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 36 na niliachana na mume wangu miaka miwili iliyopita. Tangu mwaka jana natumia programu ya simu ya kutafuta mwenza, na nimekuwa na wanaume watatu kwa nyakati tofauti. Wawili wa kwanza tulitumia kondomu. Huyu wa tatu tulichati karibu miezi miwili kabla ya kuonana, akanitumia picha ya majibu ya kipimo cha VVU: hana. Tukaacha kondomu. Sasa ni wiki tano tangu tulipolala pamoja mara ya mwisho. Amefuta akaunti yake na namba yake haipatikani. Sina dalili yoyote. Nipime nini? Je, hizi programu ndizo zenye hatari, niachane nazo? Na nikimpata mwingine, nimuulizeje bila kumfukuza?"

Marahaba, dada. Nitaanza na vipimo, kwa sababu hivyo vinakwenda na tarehe na wiki tano zimeshapita. Hayo mengine mawili yanaweza kusubiri mistari michache.

Usisubiri dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu wa miaka 15 hadi 49 wanapata maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 ya magonjwa manne ya zinaa yanayopona kwa dawa, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, na mengi kati ya hayo hayaonyeshi dalili. Wanawake wengi wenye klamidia hawahisi kitu chochote. Kisonono kikiingia kooni kwa njia ya ngono ya mdomo, mara nyingi hata koo haliwashi. Wakati huo ugonjwa ulioingia ukeni unaweza kupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na baadaye mwanamke akahangaika kupata mtoto au mimba ikatunga nje ya kizazi. Kwa hiyo kutokuwa na dalili ni habari njema kwa leo tu. Hakujibu swali lako.

Sasa wiki tano. Kila kipimo kina muda wake wa kusubiri kabla hakijaweza kuona maambukizi, muda ambao sisi huuita kipindi cha dirisha. Ukipima ndani ya muda huo unaweza kuambiwa huna kitu nawe unacho. Kwa klamidia na kisonono wiki mbili zinatosha, kwa hiyo hayo unaweza kuyapima leo na ukaamini jibu. Omba kipimo cha ute wa ukeni, si mkojo peke yake, kwa kuwa kwa mwanamke ute unaonyesha zaidi. Unaweza kuuchukua mwenyewe kwa kijiti cha pamba ukiwa faraghani, na jibu lake ni sahihi sawa na la ute uliochukuliwa na muuguzi. Ute huohuo unaweza pia kupimwa trikomonasi. Kama kulikuwa na ngono ya mdomo au ya njia ya haja kubwa, sema, ili na huko wachukue sampuli. Hapa ndipo watu wengi wanapokosa jibu kamili: wanaona haya, wanataja sehemu moja, inapimwa hiyo moja, wanarudi nyumbani wakidhani wamemaliza. Mhudumu aliyesomea kazi hii amesikia yote. Hutamshtua.

VVU inategemea kipimo gani kinatumika. Damu ikitolewa kwenye mshipa na kupimwa maabara kwa kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, pamoja na chembe za kirusi chenyewe, maambukizi huonekana kati ya siku 18 na 45. Wewe uko siku ya 35. Kipimo hicho leo kitaona maambukizi mengi kama yapo, na kikionyesha huna, rudia baada ya siku ya 45 ufunge suala hilo. Vile vipimo vya haraka vya kuchoma kidole, au vya kujipima mwenyewe kwa ute wa fizi, vinatafuta kingamwili peke yake na vinaweza kuhitaji hadi siku 90. Ukitumia hivyo, jibu lako la mwisho ni la miezi mitatu, si la leo. Muulize mhudumu kwa maneno hayahaya: hiki ni kipimo gani, na dirisha lake ni siku ngapi? Una haki ya kujua.

Kaswende pima sasa, kisha rudia wiki ya 12. Kidonda chake cha kwanza hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa, kwa wengi kwenye wiki ya tatu, na hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi asikione kabisa. Kisha kinakauka chenyewe bila dawa, huku ugonjwa ukiendelea ndani ya damu. Pima pia homa ya ini aina ya B, na kama huna na hujawahi kuchanjwa, omba chanjo. Na kwa kuwa hukutaja njia ya uzazi wa mpango, pima mimba. Baada ya wiki tatu kipimo cha mkojo kinaaminika.

Malengelenge ya sehemu za siri sishauri uyatafute kwa kipimo cha damu kama huna kidonda. Kipimo hicho hukosea mara nyingi na huacha mtu na hofu asiyojua aifanyie nini. Kirusi cha HPV, kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, ni suala jingine. Karibu kila mtu anayefanya ngono hukipata wakati fulani, na kwa wengi mwili hukiondoa ndani ya miaka miwili. Kinachokuhusu wewe ni uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambao Shirika la Afya Duniani linashauri uanze miaka 30 kwa mwanamke asiye na VVU. Una miaka 36. Kama hujawahi kufanya, ufanyiwe siku hiyohiyo.

Usijumuishe wale wawili wa kwanza kwenye hesabu ya "salama kabisa". Kondomu inazuia vizuri sana VVU, klamidia na kisonono, lakini kaswende, malengelenge na HPV hupita kwa kugusana ngozi ambayo kondomu haikuifunika. Habari nzuri ni kwamba vipimo hivi havikuulizi umekuwa na nani. Ukivifanya vimewahusu wote watatu.

Kuna dawa ambazo kwako safari hii muda wake umepita, ila zijue. PEP ni dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari. Zinaanzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi, kisha zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina saa zake pia: vile vya kawaida ni ndani ya saa 72, na kuna aina nyingine, pamoja na kitanzi cha shaba, vinavyoweza kutumika hadi siku ya tano. Dawa za PEP hazizuii mimba, na vidonge vya mimba havizuii ugonjwa wowote. Kondomu ikipasuka usiku, anza kuhesabu saa kuanzia hapo. Watu wanapoteza siku mbili nzima wakijadiliana na nafsi zao.

Nirudi kwa ile picha aliyokutumia. Sina sababu ya kumwita mwongo. Inawezekana kabisa kwamba majibu yalikuwa yake na yalikuwa ya kweli. Lakini majibu ya kipimo ni kama stakabadhi: yanathibitisha yaliyokwisha kufanyika hadi tarehe fulani, na hayasemi lolote kuhusu kesho yake. Tena si hadi siku aliyopima, bali hadi mwanzo wa dirisha la kipimo kile. Akipima mwezi wa tatu kwa kipimo cha haraka, jibu lake linazungumzia kwa uhakika maisha yake hadi kama mwezi wa kumi na mbili. Aliyokutana nao baada ya hapo hawamo. Na kipimo cha VVU kinajibu swali la VVU tu. Mtu anaweza kuwa hana VVU na ana kisonono, kaswende na klamidia kwa pamoja, na picha yake ikabaki safi.

Niseme na hili, kwa sababu linawaumiza watu wengi kwenye programu hizi bila sababu. Mtu anayeandika kwenye wasifu wake kwamba anaishi na VVU, anameza dawa na kiwango cha virusi hakionekani kwenye damu, hakuambukizi VVU kwa njia ya ngono. Utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo mwaka 2016 na tena 2019, ulifuatilia wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, wakifanya ngono bila kondomu maelfu kwa maelfu ya mara, na haukupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliye kwenye dawa na ambaye virusi vyake havionekani. Kwa upande wa VVU, mtu huyo ana usalama zaidi kwako kuliko mwenye picha ya "sina" ya mwaka juzi. Wengi humruka huyu mkweli na kumchagua yule mwenye picha.

Sasa, je, programu ndizo zenye hatari? Tafiti nyingi zimekuta kwamba wanaozitumia, kwa wastani, wana wenza wengi zaidi, na baadhi ya tafiti zimekuta pia magonjwa ya zinaa mengi zaidi kwao. Lakini nyingi kati ya hizo huwauliza watu mara moja tu, hivyo haziwezi kusema kipi kilitangulia. Mtu anayetaka kukutana na wengi ndiye anayepakua programu, kama ambavyo zamani angekwenda mahali penye watu wengi. Na katika baadhi ya tafiti hizo watumiaji haohao wanapima mara nyingi zaidi kuliko wengine, na anayepima zaidi hugundulika zaidi. Simu haibebi vijidudu. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba ukiifuta umepona hatari.

Ila kuna kitu programu zimebadilisha, na nadhani ndicho kilichokupata wewe. Mwaka 1999, kabla hata ya simu janja, kaswende ilizuka kati ya wanaume wa San Francisco waliokuwa wakikutana kupitia chumba cha mazungumzo cha AOL, kampuni ya huduma za intaneti. Kwa kawaida mhudumu wa afya humwuliza mgonjwa majina ya wenza wake, akawatafuta, wakapimwa na kutibiwa, na mnyororo ukakatika. Safari ile wagonjwa walikuwa na majina ya bandia ya mtandaoni tu. Hawakujua jina la kweli wala mahali mtu anapoishi. Ilibidi tahadhari ipelekwe hukohuko mtandaoni ili iwafikie. Hicho ndicho ninachokiona hadi leo kwa watu wa umri wote: kukutana kumekuwa rahisi mno, na kupatana tena baadaye kumekuwa kugumu. Kugusa skrini mara moja tu kunamfuta mtu pamoja na njia pekee ya kumwambia "nenda kapime".

Kwa hiyo ninapoulizwa nini kinamlinda mtu anayetumia programu, baada ya kondomu na vipimo naongeza hili: kabla ya kulala na mtu, muwe na njia ya kupatana nje ya programu, namba iliyokwisha kupigwa ikaita na akaipokea. Na mkiachana, hata kwa ugomvi, usifute mawasiliano kabla ya miezi mitatu. Unaweza kumnyamazisha asikusumbue. Lakini ibaki njia ya kumtumia ujumbe mmoja, naye aweze kukutumia wake. Mtu asiyekubali hata namba ya simu ijulikane amekueleza jambo muhimu mapema, na ni juu yako kulipa uzito. Hilo halihusu anayekutishia au kukufuatilia. Huyo mfungie kila mlango.

Kingine kinachofanywa na programu ni kule kuzoeana kwa maandishi. Mlichati miezi miwili. Ulijua kazi yake, ndugu zake, anacholalamikia na anachopenda. Mlipoonana ilikuwa siku ya kwanza kwa miili yenu, lakini moyoni ulihisi unamjua siku nyingi, na hisia hiyo ndiyo huwavua watu kondomu. Sikulaumu hata kidogo. Kumwamini mtu aliyekusikiliza miezi miwili ni jambo la kibinadamu. Ninachosema ni kwamba mazungumzo yale yalikufundisha tabia yake ya kuandika, na hayakukuambia chochote kuhusu afya yake wala kama bado anakutana na wengine. Ile alama ya kuthibitishwa inayowekwa kwenye akaunti nayo inathibitisha sura tu.

Nije kwenye kuuliza. Anza na wewe mwenyewe. Ukianza na yeye, swali linasikika kama tuhuma, na mtu akituhumiwa hujitetea. Andika au sema hivi: "Mimi nimepima mwezi huu, VVU, kaswende, klamidia na kisonono, niko sawa. Wewe mara ya mwisho ulipima lini, na ulipima nini?" Akishajibu, ongeza: "Tangu hapo umekuwa na mtu mwingine?" Maswali hayo yanatosha. "Uko salama?" na "Huna tatizo?" hayafai, kwani kila mtu anajibu ndiyo, na wengi wanajibu hivyo kwa nia njema bila kujua. Uliza mapema, mkiwa bado kwenye ujumbe au mmekaa mnaongea, si chumbani taa zikiwa zimezimwa. Anayejibu kwa utulivu "sikumbuki, ni muda mrefu" amekupa jibu zuri, na mnaweza kwenda kupima pamoja. Anayekasirika kwa kuulizwa tarehe huna haja ya kumbembeleza. Kama swali hilo peke yake limemfukuza, kondomu nayo ingemfukuza.

Kuacha kondomu kuwe uamuzi wa wawili wenye tarehe: wote mmepima, dirisha limepita, mkarudia, na mmekubaliana wazi kama kuna mtu mwingine au hakuna. Hadi hapo kondomu ibaki. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni, kwa sababu mafuta ya kupaka mwilini hudhoofisha mpira na kuupasua. Na mtu akiivua kwa siri katikati ya tendo, huo ni ukiukaji wa ridhaa yako, na saa zile 72 za PEP zinaanza kuhesabiwa hapo.

Kama unatarajia kuendelea kukutana na watu wapya, zungumza na mhudumu kuhusu PrEP, dawa ya kuzuia VVU kabla ya tukio. Ikimezwa inavyotakiwa hupunguza uwezekano wa kupata VVU kwa ngono kwa takribani asilimia 99. Vidonge humezwa kila siku, na mwanamke ahesabu kama siku saba za kwanza kabla ya kuvitegemea. Kuna pia sindano ya kila miezi miwili, na tangu mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limeidhinisha katika miongozo yake sindano ya lenacapavir ya mara mbili kwa mwaka. Hazipatikani kila mahali, kwa hiyo uliza. Hakuna hata moja inayozuia kisonono, kaswende au mimba.

Jambo dogo kuhusu picha. Usimtumie mtu majibu yako yenye jina na namba ya faili. Mwaka 2018 ilibainika kwamba programu ya kutafuta wenza ya Grindr ilikuwa ikizipa kampuni nyingine mbili taarifa za hali ya VVU ambazo watumiaji wake walikuwa wamejaza kwenye wasifu, nayo ikasema itaacha. Mwaka huohuo ilianza kuwakumbusha watumiaji wake wapime kila baada ya miezi mitatu au sita, jambo ambalo ningependa kuliona kwenye programu zote. Ukitaka kuonyesha majibu, onyesha kwa mkono mkiwa pamoja.

Na kama kipimo kimojawapo kikikuta na kitu? Usinunue dawa za kubahatisha. Kisonono hasa kimekuwa sugu kwa dawa nyingi, na kidonge ulichoshauriwa na rafiki kinaweza kupunguza dalili na kuacha ugonjwa. Tibiwa, usifanye ngono hadi siku saba zipite baada ya kumaliza tiba, na kwa klamidia au kisonono upime tena baada ya miezi mitatu, maana watu wengi hupata upya. Kisha wajulishe. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimepima nikakutwa na klamidia. Inapona kwa dawa. Nakuomba nawe upime." Usieleze zaidi, usimlaumu, usiingie kwenye mjadala wa nani kampa nani, kwa sababu mara nyingi haiwezekani kujua. Wale wawili wa kwanza, mhudumu atakuambia kama tarehe zenu zinawahusu. Kliniki nyingi zinaweza kuwajulisha bila kutaja jina lako. Kuhusu huyu aliyepotea, mpe mhudumu namba uliyonayo hata kama leo haipatikani, na jina alilokuwa akitumia kwenye programu. Anaweza kujaribu njia ambazo wewe huna. Na kama kuna yeyote kati ya hao watatu unayehofu kwamba akiambiwa atakudhuru, usimwandikie wewe. Mwambie mhudumu hofu hiyo kabla ya kutoa jina lake.